Ndege Yangu Katika Mihogo ya Bi Kadzo

Malindi, Jumatano

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Mimi ni mzima, ndiyo nakuandikia. Jana nilitua vizuri, nikafurahi mapema. Ndege ilikuwa ingali yakimbia chini, upepo ukaupiga mkia, mimi na mwalimu wangu tukaingia shamba la mihogo. Pangaboi la ndege likapinda. Nikajua masomo yangu ya urubani yamekwisha.

Mwenye shamba, Bi Kadzo, akaja mbio. "Mwanangu, umeumia?" Nikalia kwa aibu. Akanipangusa uso kwa leso yake, akatuchomea mihogo ileile tuliyoing'oa. Mwalimu akala, kisha akasema, "Kesho utaruka na ndege nyingine."

Leo nimeruka, Mama! Nilikaza macho mbele mpaka nikauona mto Sabaki chini, nikacheka.

Baba mwambie wewe, akishakunywa kahawa.

Nakubusu mikono,
Zuhura wako