Baba Zuhura, Maji ya Chini Yana Joto

Baba Zuhura,

Salamu nyingi kutoka hapa Isevya. Mama yako hajambo, ila magoti, na hakuna swala anayomaliza bila kukuombea. Kulwa na Doto hawajambo, sasa wanagombania viatu vyako. Mdogo wako Hamisi hajambo, na ubishi wake ule ule. Mimi ni yule yule wa kuogopa ogopa, lakini leo nina la kujivunia.

Zuhura amerudi salama. Majuma saba alikuwa melini, huko kusini kwenye bahari ya barafu, na mimi huku chakula hakipiti. Kazi yao ni kuteremsha chombo kwa kamba ya chuma mpaka chini kabisa, kupima joto la maji. Sasa wamemwita tena.

Hamisi akakataa. Si ndiye amekaa mahali pako. Asubuhi tuko mkekani na wazee wawili wa ukoo, tunakunywa uji, akamwambia mtoto, "Juu barafu, halafu chini joto? Umesoma mpaka umepotea, wewe." Zuhura akaeleza kwa namba zake mpaka machozi yakamlenga. Wazee wanacheka tu.

Mume wangu, mimi wa darasa la nne, sijawahi kufungua mdomo mbele ya wanaume wa kwenu. Nikamuuliza, shemeji, uji wako umepoa? Akasema umepoa, si umeshatanda ngozi. Nikamwambia, "Zamisha kijiko mpaka chini, unywe."

Akanywa. Alitoa machozi huyo! Mama yako alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Ndipo nikawaambia, bahari ya Zuhura ndivyo ilivyo. Si joto la kuunguza ulimi, lakini kwa barafu linatosha, na linazidi, linaila kwa chini. Ikiisha, maji yatawafuata watu wa pwani mlangoni. Hamisi akaweka kijiko chini, akasema, "Babu yetu alibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, aliporudi watu wakampisha njia. Huyu kampita. Aende."

Nililia, Baba Zuhura. Ulikuwa unampakia kwenye baiskeli kwenda shule, unamwambia ipo siku mtaiona bahari. Wewe hukuiona. Mwanao ameishika.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi sitamshika nguo tena pale stendi. Ila anaondoka Ijumaa, na ruhusa nimetoa bila kukuuliza. Kama nimekosea, nijie ndotoni upesi, kabla ya Ijumaa. Ukinyamaza, nitajua umekubali.

Mimi mkeo,
Mama Zuhura