Kungoja Hewa

Malinya,
3 Machi 1996

Mwanangu Ayuma,

Hujambo huko Nakuru, na masomo ya unesi yanakwendaje? Hapa wote wazima, mimi tu ndiye nusu nusu. Tangu wanitoe nyongo mwaka jana, kidonda kimefunga vizuri kabisa. Sasa mbona tumbo linasokota na kuvimba, kisha linaacha? Niulizie walimu wako: pale nyongo ilipokuwa, siku hizi panakaa nini?

Mamako

Nakuru,
12 Machi 1996

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi mzima, ila swali lako limeninyima raha. Mwalimu anasema pale hapakai kitu. Lakini ngozi ikipona huacha kovu, na ndani ni vilevile. Kovu la ndani huweza kugandisha matumbo yakashikana, njia ikaziba. Ukitapika, tumbo likajaa na hewa isipite chini, usingoje. Nimemwandikia Sifuna aje kutoka Bukura akupeleke hospitali, na nimemwambia asikuache hata dakika. Mume wangu unamjua, akiambiwa ameambiwa.

Bintiyo

Nakuru,
27 Machi 1996

Mama,

Sifuna amepiga simu shuleni. Ati hii ni siku ya pili una mpira puani, na hewa isipopita kufikia kesho watakupasua tena. Naogopa, mama. Kila kisu huacha makovu mengine. Nimenyimwa ruhusa ya kuja. Barua hii itachelewa, najua, lakini sina kingine cha kufanya. Umepona? Nijibu hata kwa neno moja.

Bintiyo

Kakamega,
4 Aprili 1996

Mwanangu,

Usilie tena, ninakunywa uji, wala sikupasuliwa. Sasa nikuambie ukweli, kisha uchome barua hii. Hewa ilikuwa imekuja mapema. Niliibana. Ningefanyaje? Mkwe, ambaye hata kula pamoja hatujawahi, amekaa karibu na kitanda, na nesi kila saa anapaza sauti: "Mama, umetoa hewa?" Nasema bado. Nikamtuma Sifuna machungwa. "Apana mama, Ayuma alinikataza kutoka." Nikamtuma maji. Akatuma mtu.

Daktari akaleta karatasi nitie sahihi. Nikashika kalamu, nikajiuliza: nikifa kwa aibu, nani atanisifu? Nikaachilia. Wodi nzima ilisikia. Nesi akapiga makofi.

Sifuna hakucheka wala hakugeuka. Aliangalia dirishani, nje jua kali, akasema polepole, "Mama, naona mvua inakuja."

Mwanangu, umeolewa na mtu.

Mamako