Nimpe Alama Ngapi Mwanafunzi Aliyeniandika Kwenye Mtihani?

Shangazi Kelera mpendwa, naomba msaada wako, na naomba pia usicheke kabla hujafika mwisho, maana mume wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akaliweka chini bakuli lake la kinywaji cha kava, na mimi sioni cha kuchekesha.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Suva, nawafundisha wanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa tatu somo la maadili na wajibu wa kazi, lile ambalo wenyewe huliita somo la kulala kwa sababu limepangwa saa nane mchana, tumbo likiwa limeshiba, na huu ni mwaka wa tisa nawaimbisha sentensi ileile kila wiki, kuwa na neno la siri si kuwa na ruhusa, hadi mwaka huu wameichapisha kwenye fulana za darasa, na mimi nikachukua mbili.

Katika darasa hilo yumo binti anaitwa Taraivini, wa Lau, na mimi ni wa Rewa, kwa hiyo unajua mwenyewe, sisi ni watani, na tangu siku ya kwanza hatujawahi kusalimiana kama watu, yeye ananiuliza kama leo nimenawa matope kabla ya kuingia darasani, mimi namuuliza kama kisiwani kwao mvua bado inakuja kwa mwaliko, darasa zima linacheka, na kusema kweli ndiye mwanafunzi wangu bora. Muhula huu alipelekwa mafunzo kwa vitendo kwenye klabu moja ya raga, sitaitaja, akapewa kazi ya kutunza mfumo wao wa kompyuta wenye majina ya wachezaji, vipimo vyao vya afya na orodha za timu.

Sasa Shangazi, nina mpwa wangu Akisi, mtoto wa dada yangu, anachezea timu ya wanawake ya klabu hiyohiyo, na mwezi uliopita ilikuwa inasubiriwa orodha ya watakaokwenda mashindano ya Lautoka, na dada yangu hali wala halali, ananipigia simu asubuhi na jioni, basi nikamkuta Taraivini kantini nikamwambia, "Mtani, hebu chungulia huko kwenu, mtoto wetu yumo au hayumo?"

Akasema, "Madamu, fulana yako inasemaje?"

Nikamwambia, "Fulana ni ya darasani. Hapa kantini mimi ni mtani wako, na tangu lini mtani ananyimwa kitu?"

Akanitazama kidogo, halafu akacheka, akatoa simu akabonyezabonyeza, akasema, "Yumo. Namba kumi na mbili. Sasa niachie huyo samaki wako." Na samaki nikamwachia.

Ilikuwa siri, Shangazi, nilimwambia dada yangu peke yake. Dada naye akamwambia mwalimu wa kwaya peke yake. Kufika Ijumaa kijiji kizima kilikuwa kimechimba shimo la kuokea, nguruwe wawili ndani, magimbi yasiyohesabika, mikeka imetandikwa, wazee wamemwandalia Akisi kava rasmi na hotuba ya kumuaga, na yeye mtoto wa watu kavikwa shada la maua analia kwa furaha. Jumatatu orodha yenyewe ikabandikwa ukutani na Akisi hayumo. Ile aliyoiona Taraivini ilikuwa rasimu ya kocha tu, ikaja kubadilishwa mara mbili. Sasa mtoto kajifungia kwa mama yake, mazoezini haendi tena, anasema amekula nguruwe wa watu bure na hana uso wa kupita kijijini.

Klabu ikauliza ni nani aliyeifungua orodha kabla ya wakati, mfumo ukatoa jina la Taraivini, na saa, na dakika. Alipoulizwa akajibu ni umbeya wake mwenyewe, hakutumwa na mtu. Wamemsimamisha, wameandika barua chuoni, na Alhamisi hii anafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu, akikutwa na kosa mafunzo yake yanafutwa na hahitimu mwaka huu. Kamati ina watu watatu. Mmoja ni yule wa kuangalia upande wa maadili, na mtu huyo ni mimi.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni mtihani. Swali la nne nililitunga mwenyewe tangu Machi: eleza tukio ambapo mtaalamu wa kompyuta aliombwa na mtu anayemheshimu afungue taarifa zisizomhusu, na useme mtaalamu huyo alipaswa kufanya nini, alama ishirini na tano. Nikafika kwenye karatasi ya Taraivini. Inaanza hivi: "Palikuwa na mwalimu mmoja wa maadili, mnene kiasi, kutoka upande wa nchi wenye matope mengi, aliyeipenda sana fulana yake." Kila kitu kimo, kantini, namba kumi na mbili, hata samaki. Na amemaliza hivi: "Mwanafunzi alipaswa kukataa, na kama alikosa ujasiri alipaswa kumwambia msimamizi wake siku hiyohiyo. Hakufanya hivyo, na kosa ni lake. Mwalimu naye alipaswa kufanya nini? Swali halikuuliza."

Shangazi, ni jibu bora kuliko yote niliyosoma kwa miaka tisa. Nikimpa ishirini na tano itaonekana nimemhonga anyamaze, nikimpa kumi itaonekana nalipiza kisasi, na kukasirika siwezi kwa sababu utani haukasirikiwi. Nimpe alama ngapi?

Mwalimu wa Fulana Mbili, Suva

*

Mwalimu wa Fulana Mbili,

Uliniomba nisicheke kabla ya mwisho, nikajizuia, na mwisho ndipo nilipocheka. Binti wa watu Alhamisi anakwenda kuadhibiwa kwa jambo ulilomtuma wewe, na wewe unaniuliza habari ya alama.

Kabla sijaendelea ujue kwamba baba yangu na mama yangu wote ni wa Lau, kwa hiyo kukusema ni haki yangu ya kuzaliwa na huna ruhusa ya kununa. Mvua kwetu inakuja kwa mwaliko kwa sababu sisi tuna adabu hata na mawingu. Nyinyi wa Rewa mnaingia popote bila hodi, kama ulivyoingia kwenye orodha ya watu.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Dada akipiga simu asubuhi na jioni, hata mimi ningetafuta wa kunichungulilia. Sote hapa tumelelewa kuombana na kupeana, na anayemnyima ndugu anaonwa mchoyo mpaka siku ya kuzikwa. Ndiyo maana nakulaumu zaidi. Ulijua huyo binti hawezi kukukatalia kwa mila, na ulijua hawezi kukukatalia kwa kuwa wewe ndiye unayemsahihisha. Ukamkamata kote kuwili kwa mpigo mmoja. Alipokuuliza fulana inasemaje, hiyo ndiyo ilikuwa hapana yake, hapana ya mtoto aliyelelewa vizuri, na wewe mwalimu wa hapana ukajifanya hukuisikia.

Na usiniambie ilikuwa namba ya jezi tu. Umeandika mwenyewe kwamba mfumo huo una vipimo vya afya vya mabinti. Leo mama mdogo mmoja kauliza nani yumo kwenye timu, kesho mama mdogo mwingine atauliza nani ana mimba, na huyo naye atakuwa mtani wa mtu.

Taraivini naye asijione malaika. Alipaswa kukataa, na amelisema hilo mwenyewe kwa mkono wake. Lakini tazama alichofanya baadaye. Ameulizwa, hakukutaja. Angeweza kukuchongea kwa mkuu wa chuo, hakukuchongea. Amekuandikia kwa utani, mahali ambapo alijua msomaji ni wewe peke yako, na akakuachia nafasi ujitaje mwenyewe. Mimi nikisoma karatasi hiyo naona mtu anayekupenda na aliyechoka kukusubiri.

Sasa nisikilize. Karatasi hiyo usiitie hata alama moja. Mpe mwalimu mwenzako aisahihishe, na umwambie sababu. Halafu leo hii, si kesho, mwandikie mwenyekiti wa kamati kwamba unajitoa, na kwamba Alhamisi utakaa kwenye kiti kile kingine, cha anayeulizwa. Andika "nilimwomba." Ukijikuta umeandika "aliombwa," chana uanze upya. Taraivini ajibu sehemu yake, wewe ujibu yako, na yako ndiyo kubwa.

Kisha nenda klabuni kwa miguu yako. Najua unachowaza, na nina hakika mzizi wa kava wa kuombea msamaha umeshautafuta na umeufunga vizuri kwa gazeti langu hilihili. Uache nyumbani. Ukimpelekea mkuu wa klabu kava, akaipokea na kupiga makofi kimila, atakuwa ameshasamehe kabla hajajua anasamehe nini, na hiyo nayo ni kuingia bila ruhusa. Ofisini peleka maneno matupu, uyaseme umesimama.

Kava mpelekee Akisi. Ndiyo, ni mdogo kwako, na watu watashangaa kuona mama mdogo mtu anakaa chini mbele ya mpwa wake. Waache washangae, na wawe wengi, wawepo wote walioonja wale nguruwe. Sema mbele yao kwamba mtoto hakudanganya wala hakujitapa, wewe ndiye uliyewalisha kabla ya wakati. Mwambie pia arudi mazoezini, maana kocha aliyemwandika namba kumi na mbili mara moja anaweza kumwandika tena, ila hawezi kumwandika akiwa chumbani kwa mama yake.

Huenda chuo kikakupa onyo. Huenda wakakunyang'anya somo lako la kulala, na hilo litakuuma, naona kwenye barua jinsi unavyolipenda. Lakini ukikaa kimya Alhamisi, huna somo tena hata kama jina lako limebaki kwenye ratiba. Wanafunzi thelathini watakuwa wanakuangalia darasani, na mwenzao asiyekuwepo ndiye wote watakayekuwa wanamfikiria.

Ama kuhusu mtihani wako, mtani wako amekuonyesha pengo. Mwakani ongeza swali chini ya lile la nne: mwalimu naye alipaswa kufanya nini? Ila wewe utalijibu mwaka huu, mbele ya kamati. Alama ni ishirini na tano, muda ni hadi Alhamisi, na fulana uivae.

Shangazi Kelera