Pilau ya Dirisha

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwaka mpya umeingia na mwanao sijaandika ile orodha yangu ya malengo. Najua ungecheka. Wewe ndiye uliyekuwa ukiisoma ukutani chumbani kwangu, ukipitisha kidole: kupungua, kuamka alfajiri, kujifunza kushona, mpaka la kumi na mbili. Kisha unaniuliza, "Sasa we Zuhura, hapo utapumua saa ngapi?"

Unakumbuka tulivyohamia Madale? Tulitoka kwenye chumba cha kupanga Tandika tukaingia nyumba isiyo na dari, sakafu vumbi tupu, madirisha umeyaziba kwa mifuko ya saruji. Mama alinuna siku tatu. Siku fundi alipofunga dirisha la kwanza ulitoka mbio kutafuta nyama, ukarudi unahema. "Mama Zuhura, leo pilau." Mama akauliza kuna mgeni gani. "Dirisha," ukasema. Tukala tunaliangalia. Tangu hapo, kila kitu kilichokamilika, hata kitasa cha mlango wa choo, kilipikiwa pilau.

Mimi sikujifunza. Nilipoanza kazi nilijiapia kwamba nikirudi kwenu nitakuja na dari ya sebule nzima. Ukipiga simu, "Njoo tu mwanangu, tukuone," najibu, "Bado kidogo, baba." Kutoka Mbagala hadi Madale si safari ya kumshinda mtu. Nilikaa miezi minane bila kuja kwa kuona aibu ya mikono mitupu, na ukaondoka duniani nikiwa bado najipanga. Hilo linaniuma, baba, na sitaki kukuficha.

Kwa hiyo mwaka huu nimejiwekea jambo moja tu: kila Jumapili niende kwa mama, hivyo hivyo nilivyo. Jumapili ya kwanza nilibeba globu moja, maana taa ya barazani ilikuwa imeungua. Nikapanda juu ya kiti chako nikaifunga, ikawaka mchana kweupe. Mama akaitazama, akageuka, akaingia ndani. Nikadhani nimemuudhi.

Punde nikasikia harufu ya vitunguu na bizari ya pilau.

Nililia, baba. Kisha nikala, nikaongeza sahani.

Pumzika. Dari bado, na Jumapili nakwenda tena.

Mwanao uliyemwambia aje tu,
Zuhura