Philomena Wapoose, Aliyeisainia Supu Yake Mwenyewe

Mwaka umetimia, Mama, tangu tukulaze pale kilimani penye misonobari, na ziwa bado halijafunguliwa.

Wanaosoma haya gazetini wakiwa mbali na kwetu wajue kwanza wewe ulikuwa nani. Kwa miaka thelathini na moja wewe ndiye uliyefungua Ziwa la Bata Wawili. Mpunga wa ziwani haupandwi na mtu. Huota wenyewe majini, na hauvunwi mpaka aliyepewa kazi hiyo aseme umeiva. Hukupigiwa kura, wala hukuandikiwa barua. Shangazi yako Marguerite alikukabidhi kazi hiyo jikoni kwake, mbele ya akina mama wanne, yakaisha.

Kila Agosti ulitoka peke yako na mtumbwi, ukaweka tumbaku majini kama sadaka kwa ziwa, ukang'ata punje moja, ukarudi. Watu walikuwa wamekwisha kupanga mitumbwi ufukweni, fimbo za kupukutishia punje mikononi. Ulisema, "Bado." Wakanuna, wakaenda zao. Kesho yake tena, "Bado." Mpaka asubuhi moja unasema, "Haya, nendeni," na kijiji kizima kinaingia majini kwa vicheko.

Tunakumbuka mwaka ule Chifu Redmond, yule aliyechaguliwa kwa kura, alipotaka kuingia kabla ya siku yake.

"Philomena, mimi ndiye chifu hapa," alikuambia.

"Ni kweli, mwanangu, na uchifu wako unaishia hapa kwenye mchanga. Geuza mtumbwi."

Akageuza. Jioni ukampelekea samaki wa kukaanga, kwa kuwa hukupenda mtu alale na kinyongo.

Hukupenda kalamu. Babu wa baba yako alikuwapo siku watu wetu walipofunga mkataba na serikali ya Kanada. Alizungumza siku tatu, akasema nchi itatumiwa kwa pamoja na mpunga hautaguswa. Mwishoni wakamwambia aguse tu ncha ya kalamu, karani akachora msalaba mahali pa jina lake. Maneno ya siku tatu hayakuandikwa. Msalaba upo hadi leo, umewekwa kwenye kabati la kioo huko Ottawa. Ulitusimulia hayo tangu tukiwa wadogo, ukatukataza tusisaini chochote mbele ya mtu wa serikali. Ndiyo maana yaliyokupata yanatuuma hivi.

Watu wa serikali walikuja Machi, miaka minne iliyopita, na ramani zao. Walitaka kuinua maji ya ziwa kila Juni ili bwawa la umeme kule chini lifanye kazi zaidi. Juni ndio mwezi ambao majani ya mpunga yamelala juu ya maji. Maji yakipanda wakati huo, yanaung'oa mpunga pamoja na mizizi yake. Ulisimama ukumbini ukalisema hilo karibu saa nzima, kwa lugha yetu, na mwanao Leonard akatafsiri. Ulisema hapana mara nyingi mno, mpaka Leonard akachoka, akawa anatikisa kichwa tu.

Kisha ukawapakulia chakula, kwa sababu hukuweza kumwacha mgeni aondoke na njaa, hata mgeni wa namna ile. Ilikuwa supu ya bata na mpunga wako mwenyewe. Waliisifu sana, wakaongeza bakuli la pili. Binti mmoja waliyekuja naye, mpole kweli, akakufuata kwenye sufuria na karatasi yake.

"Bibi, naomba uweke jina hapa."

"La nini?"

"La chakula tu, nijue tulikula wangapi."

"Mbona mimi ndiye niliyepika?"

"Basi anza wewe, Bibi. Uwe wa kwanza."

Ukacheka. Ulikuwa umechoka, yule binti alikuwa na umri wa wajukuu zako, na mikono yako ilikuwa na mafuta. Ukaifuta kwenye aproni, ukasaini. Sisi tulikuwa pale pale, tukasaini chini yako.

Ripoti ilitoka msimu wa baridi uliofuata, kurasa mia mbili. Katika yote uliyosema siku ile, hamna hata sentensi moja. Lakini nyuma kabisa karatasi ile imo, na juu yake kuna kichwa ambacho siku ya supu hakikuwapo: Wenyeji Walioshauriwa. Jina la kwanza ni lako.

Ulisafiri kutwa nzima kwenda mjini, kwenye kikao cha kusikiliza malalamiko. Ulivaa sketi yako ya utepe mwekundu, ile ya siku za heshima. Wakili wao akainua karatasi.

"Bi Wapoose, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu. Sasa niulize siku hiyo nilisema nini."

"Nimeuliza kuhusu sahihi tu."

"Nilisaini supu."

Wako waliocheka mle ndani. Nyuso zao tunazikumbuka. Wakili akashukuru, akakaa, na wewe ukaambiwa urudi kwenye kiti chako.

Juni ile maji yakapanda.

Shemeji yako Alphonse, ambaye mlitaniana naye miaka hamsini, alikukuta dukani akakutupia lake: "Shemeji, supu yako ilikuwa tamu mno. Serikali imeinywa pamoja na ziwa." Kila mtu alisubiri umrarue kama kawaida yako. Ulichukua unga wako ukatoka. Alphonse anasema mpaka leo kwamba angekuwa na uwezo wa kurudisha neno mdomoni, angelirudisha lile.

Agosti tatu zilizofuata uliendelea kutoka na mtumbwi, ukiwa na tumbaku yako. Hapakuwa na cha kung'ata. Hakuna aliyepanga mtumbwi, lakini watu walikuja kusimama ufukweni wakusikie. Ukasema, "Bado." Wakaenda nyumbani. Septemba ya mwaka jana ukatutoka. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Sisi tunajua ulivyoanza kuugua.

Ofisi yao ilituma kadi ya pole. Ilikushukuru kwa ushirikiano wako. Verna, binti yako, aliwashia nayo jiko.

Jumamosi iliyopita tulifanya karamu yako ya mwaka. Sahani yako tuliiandaa kwanza, tukakuwekea mpunga wa mwisho uliokuwa umebaki kwenye lile kopo lako la kahawa, uliouvuna na kuukaanga kwa mikono yako. Sasa kopo ni tupu. Kasisi, kwa nia njema, alileta kitabu cha wageni na kalamu, akakiweka mlangoni. Walikula watu zaidi ya themanini. Kila mmoja alisimama mbele ya Verna akataja jina lake kwa sauti na kueleza ulimtendea nini, kisha akaingia. Kitabu kilirudi kanisani bila hata herufi moja. Tunadhani hilo lingekufurahisha.

Kazi yako ameipokea Verna, jikoni, mbele ya akina mama wanne. Agosti hii alitoka na mtumbwi. Aliporudi alisema neno lile lile ulilokuwa ukisema.

Wanaokukumbuka ni wanao Leonard, Verna na Theodore. Dada yako Agathe. Shemeji yako Alphonse. Wajukuu wako kumi na mmoja. Redmond, ambaye siku hizi si chifu. Na wote uliowahi kuwazuia ufukweni.

Majina haya yametajwa kwa ajili yako tu, Mama. Hayakusainiwa. Yeyote atakayeyakata gazetini akayabandika nyuma ya ripoti yake, ajue kwamba waliotajwa hapa walikuwa wakimlilia mama yao, na kwamba jibu lake la Machi ile lilikuwa hapana. Sisi tulikuwapo, tulilisikia, na maadamu tuko hai halitapotea.