Unga Uliokataa Maji

Jumatatu, 3 Machi

Zimebaki siku saba za kazi kabla sijastaafu, leo ikiwemo. Nimehesabu mara mbili, kama mwanafunzi anayengoja likizo. Ila mimi singoji.

Nimeanzisha kipimo, huenda ndicho changu cha mwisho. Unga mpya, dawa ya maji ya watoto. Swali ni lilelile la miaka thelathini na minne: lita moja ya maji itameza gramu ngapi kabla ya kusema basi? Nimetia unga kupita kiasi kwenye chupa sita, nikaongeza maji, nikazipanga kwenye mashine ya kutikisa. Digrii ishirini na tano. Baada ya saa nne nikachuja chupa moja, nikakausha, nikapima: gramu arobaini na moja.

Mkemia wetu mpya, binti mwenye miezi minne hapa, alilipata jibu hilo wiki iliyopita bila kulowesha kidole! Programu yake inapewa umbo la kemikali na joto linaloyeyusha unga, inatabiri. Arobaini na moja. Kapiga makofi. "Mama, kazi imekwisha, zima mashine." Nikamwambia iache itikisike mpaka Alhamisi. Akacheka.

Dawa yenyewe inatiwa gramu thelathini na tano za unga kwa lita. Tangi la kiwanda limeshajaa. Jumanne ya wiki ijayo dawa inaingia chupani.

Jumatano, 5 Machi

Mashine inatikisa — chaka, chaka, chaka. Siku nzima nimemuwaza Bwana Tikisa. Bosi wangu wa kwanza. Jina tulimpa sisi, naye akajifanya hajui.

Siku yangu ya kwanza alinipa kikombe cha chai iliyopoa na bakuli la sukari. Koroga, akasema. Nikatia, nikakoroga, nikatia, mpaka sukari ikalala chini isinyanyuke tena. "Hiyo ndiyo kazi yetu, binti. Kujua inagoma wapi." Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, viatu vya kuazima. Nilidhani mzee ana kichaa!

Wakati ule chumba kilinuka karatasi za kuchujia zikikauka kwenye oveni. Harufu kama ya nguo iliyopigwa pasi. Siku hizi hakinuki chochote.

Alhamisi, 6 Machi

Ishirini na saba!

Chupa zote tano zilizobaki. Ishirini na saba, ishirini na saba, ishirini na sita nukta tisa... Nimerudia mizani mpaka macho yakaniuma.

Binti kasema kwa adabu: nisimwelewe vibaya, pengine mkono ulitetemeka. Meneja kaja, kasimama mlangoni. Tangini dawa ni safi kabisa, kasema, tusivuruge ratiba kwa namba moja. "Umebakiza siku chache, Mama. Tuagane kwa amani."

Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Bwana Tikisa. Miaka miwili sijafika — aibu yangu. Mkewe kanipokea kwa kunikumbatia, kaninong'oneza kuwa mzee siku hizi anapotea, nisishangae.

Alikuwa kibarazani, blanketi magotini. Nikamwamkia. Kaniitikia kama mgeni, kaniuliza kama nimeleta barua. Nikakaa tu karibu naye. Kisha nikamsimulia. Arobaini na moja baada ya saa nne. Ishirini na saba baada ya siku tatu.

Kageuka. Macho yaleyale!

"Masalio umeyachoma?"

Hapana, sijayachoma. Miaka thelathini na minne, nikasahau! Unga uliobaki chini ya chupa — upashe moto, uone unayeyuka digrii ngapi. Alitufundisha yeye: unaougomea moto utayagomea na maji.

"Ukayachome basi, unakaa hapa kufanya nini?" Kanifokea kama zamani. Nilicheka huku nalia. Nilipoinuka kuaga, kaniuliza tena habari ya barua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeyachoma. Unga wa gunia, usioguswa na maji: digrii mia moja thelathini na moja. Masalio: mia moja arobaini na tisa. Binti alikuwa nyuma yangu, anachungulia kupitia kioo cha kukuzia.

Unga ni uleule, ila majini umejipanga upya. Fuwele nyingine, ngumu zaidi, ndizo zilizokaa chini. Mkono wangu haukutetemeka. Wala programu haikukosea, ilipewa joto la unga wa gunia. Binti akaipa mia moja arobaini na tisa. Ikajibu: ishirini na saba.

Binti kanigeukia. Kisha: "Mama, nisamehe." Nikamwambia hata mimi nimekumbushwa na mgonjwa.

Ina maana katika zile gramu thelathini na tano, nane zinaweza kutua chini wakati wowote. Mtoto wa kwanza atapewa dawa pungufu, wa mwisho atapewa dawa ya watoto kumi. Meneja kasoma karatasi yetu. Tangi bado safi, kasema. Kesho iko palepale.

Binti kachota chupa moja ya dawa tangini, katia punje mbili za masalio, aone kama zitauvuta unga uliomo utue chini, kafunga. Sikumwambia afanye hivyo. Bwana Tikisa angempenda.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya mwisho. Saa nne asubuhi. Wenzangu wananingoja kantini, kuna hotuba. Nimejificha chumba cha kubadilishia nguo, naandikia magotini. Kabati langu tupu, koti jeupe nimelikunja.

Kutoka hapa naona ukumbi wa kujazia, kupitia kioo. Chupa tupu zimepangwa foleni, mtambo haujawashwa. Meneja amesimama karibu na swichi. Binti amesimama katikati, kati yake na swichi! Ameinua chupa ya jana kwenye taa. Hata kutoka huku naona — unga mweupe, nusu kidole, umelala chini.

Meneja anazungumza, mikono inaruka. Sisikii neno. Binti hasogei.

Nilitaka kwenda. Nimefika mlangoni, nimerudi kukaa.

Sasa meneja ameinama. Anaitazama chupa, amevua miwani, anaitazama tena. Kantini wananiita kwa jina. Mkono wa binti bado uko juu, hautetemeki hata kidogo.