Kwa Mama Somoe, Aliyenilea Upya

Mama yangu Somoe,

Ungeshangaa kuona nakuandikia, wewe usiyejua kusoma. Lakini kuna swali nimeulizwa, na jibu lake unalo wewe.

Ninaandika riwaya, Mama. Ni hadithi ya nchi ya kubuni, ambako watoto hulelewa kambini na filimbi ndiyo huwaambia wale lini, walale lini, hata walie lini. Siku moja lango linaachwa wazi. Msichana wangu analiona, lakini anabaki amesimama palepale. Mhariri ananiuliza, mbona hakimbii?

Ungemjibu wewe, uliyenipokea miaka ile bandari ya Mtwara ilipokuwa inajengwa. Mama aliyenizaa alitoroka nami kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, ambako Wareno waliwalazimisha watu kulima pamba na mnyapara aliwachapa viganja kwa kibao. Tulivukia Kilambo. Alifika kwako Mahurunga akiwa na homa kali, akalala, hakuinuka tena. Ukabaki na mimi, wewe mjane usiye na mtoto.

Siku za mwanzo nilikula nimesimama. Muhogo mwingine niliuficha kwenye nguo. Ukiniita kwa sauti nilikuja mbio, nikanyoosha viganja vyote viwili na kufumba macho. Mara ya kwanza ulilia. Baadaye, kila niliponyoosha ukanitilia kitu: korosho za kuchoma, kipande cha papai, na siku moja kifaranga, nikacheka bila kutaka.

"Hapa mtoto akiitwa anaitika tu," ulisema. "Sema abee."

Abee niliizoea taratibu. Mama sikukuita.

Kisha akaja yule mtu wa ng'ambo mwenye kofia ya kaki, akifuatana na tarishi wa jumbe, kutafuta waliotoroka. Ulikuwa unatwanga mtama, na hukuweka mchi chini.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Watu wanasema huna mtoto."

"Watu wanasema mengi."

Akanigeukia mimi. "We, mama yako nani?"

Nilikuwa nimefundishwa tangu naanza kutambaa kwamba mwenye kofia hadanganywi. Mikono yangu ikaanza kuinuka yenyewe. Nikakutazama: jasho linakutiririka shingoni, mchi umesimama hewani. Mikono ile ile nikaipeleka kwenye ungo.

"Mama," nikasema, "nipepete huu uliokwisha kutwanga?"

"Pepeta, mwanangu."

Tarishi akacheka. "Twende zetu, bwana. Hata anavyoshika ungo, ni mama yake mtupu."

Walipotokomea ulikaa chini mavumbini. Ukanivuta, ukanishika kichwa kifuani, na mtama wote ukamwagika.

Ndiyo maana msichana wangu hakimbii, Mama. Hajawahi kuitwa na mtu asiyetaka kumpiga. Zamani nilimnung'unikia mama aliyenizaa kwa woga alionilea nao. Sasa ni mtu mzima, naelewa: alinifundisha kunyoosha mikono upesi ili nipigwe kidogo. Mapenzi yake yaliweza kufika hapo tu. Woga wake ninao bado. Hapa nyumbani kwangu Rahaleo, mtu akibisha hodi kwa nguvu, vidole vyangu hukunjuka kabla sijajua ni nani. Na sauti ninayoitikia ni yako.

Basi msichana wangu sitamlazimisha akimbie peke yake. Nitaleta mtu langoni, amwite kwa upole, na asichoke kumwita.

Ulipofariki, wanawake walikusanyika uani na maji yamekwisha kupashwa moto. Mmoja, mgeni kijijini, akauliza nani wa kwake ataingia kumwosha marehemu. Kabla sijafungua mdomo, walijibu wote kwa pamoja:

"Mwanawe huyo hapo."

Wakanipisha mlangoni, nikaingia.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema.

Ni mimi,
mwanao